Gurudumu la Kushoto na Maneno ya Mama Mkwe

Alhamisi, 16 Aprili 1953. Mvua ya masika ilianza alfajiri, ikapumzika saa mbili, kisha ikanyesha rasharasha mchana kutwa.

Wenzangu mmeniuliza mara nyingi ilikuwaje nikaenda Janga kwa siku moja nikarudi baada ya siku tatu, tena na mikono myeusi. Kila nikisimulia kwa mdomo nasahau kitu, halafu mmoja wenu husema, "Salumu, jana hukusema hivyo." Basi nimeandika. Elimu yangu mnaijua, ni ya darasa la nne tu, na sina hakika kama nimeyapanga sawasawa. Ya ruhusa na karatasi za gari nayaruka, maana hayana ladha. Nitajitahidi nisimwonee mtu, wala nisijipendelee mwenyewe.

Kisarawe mpaka barabara ya Morogoro

Mke wangu Mwanaidi alikuwa amefikisha siku zake. Mnajua kwamba mimba mbili za kwanza ziliharibika. Safari hii alisema neno moja tu, akalirudia jioni zote za wiki ile: "Nataka mama awepo." Mkunga wetu alimpapasa tumbo Jumatano, akaniita pembeni akaniambia, "Jumamosi haipiti, au Jumapili ikichelewa sana. Kama unamfuata mama yake Janga, mfuate sasa."

Mjomba Shomari akaniazima pikapu yake ile anayobebea mkaa. Alinipa funguo na onyo moja. "Gari langu huimba," alisema. "Ukilisikia linaimba usiogope. Ndiyo tabia yake."

Sitaki kumlaumu mjomba. Alisema kweli, gari liliimba. Toka Kisarawe kuteremka Pugu liliimba kwa sauti ndogo, kama mtu anayetwanga huku akijipumbaza. Tulipouacha mji na kushika barabara ya Morogoro, sauti ikanenepa. Nilisimama Kimara kunywa chai, na mama muuza vitumbua akanitazama, akalitazama gari, akasema, "Baba, unasaga mahindi humo ndani?"

Nikamjibu kuwa ndiyo tabia yake.

"Hata marehemu mume wangu alikuwa akikoroma hivyo," akasema, "tukaambiwa ndiyo tabia yake."

Vitumbua vyake vilikuwa vya moto na vitamu, nikala vitano. Neno lake nililiwaza kidogo, nikaliacha. Hapo ndipo kosa langu la kwanza lilipo, naliandika.

Kibaha mpaka Janga

Baada ya Kibaha njia ilikuwa matope matupu na gari likaanza kuvuta upande wa kushoto. Nikifunga breki linaelekea porini kama punda aliyeona majani. Karibu na Mlandizi niliteremka nikalishika gurudumu la mbele la kushoto kwa juu na kwa chini, nikalitikisa. Likacheza kama jino bovu. Niligusa kitovu chake, kile chuma cha katikati, nikaunguza kidole.

Nilikwenda mwendo wa mtu anayetembea. Wanawake waliotoka shamba na mizigo ya kuni walinipita, mmoja akaniambia nikitaka anibebe. Nilifika Janga alasiri, na gurudumu lile halikuwa likiimba tena. Lilikuwa likilia.

Hapa lazima niseme jambo la desturi, maana hadithi yote imesimama juu yake. Kwa watu wa upande wa mke wangu, mkwe wa kiume hasemi na mama mkwe uso kwa uso. Hamtazami machoni, hali mbele yake, na wakikutana njiani mmoja hupisha majanini. Wakiwa na neno hulipitisha kwa mtu wa tatu. Mtu wetu wa tatu ni Mzee Kondo, kaka yake mama mkwe, mjane anayekaa nyumba ya pili. Ni mzee wa adabu sana. Ukimpa salamu moja anaifikisha tatu.

Nikiwa nje ya ua nilisikia mama mkwe akisema ndani, "Kondo, mwulize mwanangu hajambo? Mbona kachelewa hivi?"

Mzee Kondo akatoka, akasimama mbele yangu na kofia yake. "Shikamoo hapewi mkwe," akaanza, ingawa mimi ndiye niliyetakiwa kumwamkia, "lakini mama anakukaribisha sana, anasema umefika mapema kwa njia mbaya kama hii, na moyo wake umefurahi."

Nikamwamkia, nikampa habari za Mwanaidi, na nikasema gari limevunjika mguu. Nilisikia mama mkwe nyuma ya ukuta wa makuti akishusha pumzi. Hakuna aliyelitaja neno Jumamosi, lakini sote tulilifikiri.

Jioni ile tulikula wali wa nazi na kambale wa Ruvu, mimi na Mzee Kondo kibarazani, mama mkwe ndani. Nilikula vizuri, na niliona haya kwa kula vizuri.

Janga mpaka Ruvu na kurudi, kwa baiskeli

Ijumaa asubuhi nililiinua gari kwa jeki ya mjomba na gogo la mnazi chini yake, nikafungua gurudumu. Mimi si fundi. Nimewahi kumshikia taa fundi mmoja mjini kwa miezi kadhaa, basi. Ndani ya kitovu mna beringi mbili, kubwa ya ndani na ndogo ya nje. Beringi ni pete mbili za chuma na gololi katikati, ndizo zinazofanya gurudumu lizunguke bila kusuguana. Ile kubwa ilitoka vipande vipande. Gololi mbili zilikuwa zimepasuka, na grisi imegeuka uji mweusi wenye mchanga.

Nilizifunga zote mbili kwenye kitambaa, nikaazima baiskeli ya Mzee Kondo, nikaelekea Ruvu kwenye shamba kubwa la mkonge, ambako waliniambia ipo karakana. Matope yalikuwa yakijaa kwenye matairi, kila hatua mia nashuka kuyakwangua kwa kijiti. Njia ambayo mtu angeitembea kwa saa mbili, mimi na baiskeli tuliitembea kwa saa tatu. Swala ya Ijumaa ilinipita. Mungu anisamehe.

Fundi wa karakana alikuwa mtu mfupi wa makamo, jina lake Yohana, mzaliwa wa Maneromango kwetu huku. Mwanzoni alinipokea vibaya kwa kudhani nimetumwa kuazima vyombo, maana inaonekana vyombo vyake vikitoka havirudi.

"Spana sina, nyundo sina, jeki sina," alisema kabla sijafungua mdomo.

Nikafungua kitambaa. Akaitazama ile beringi muda mrefu kama daktari.

"Nani kaendesha hivi?"

"Mimi, fundi."

"Kutoka wapi?"

"Kisarawe."

"Hukusikia kelele?"

"Niliambiwa linaimba."

Akacheka mpaka akakaa juu ya pipa. Nilipomwambia kwa nini nimekuja na habari za Mwanaidi, akaacha kucheka. Akasimama, akaenda nyuma ya banda kwenye lori bovu la shamba lililoota majani, akakaa huko kitambo. Alirudi na beringi mbili zilizopakwa mafuta, na vikombe vyake, yaani zile pete za nje zinazobanwa ndani ya kitovu. Akapima na zangu, zikalingana.

"Lori hili limekufa, halitadai," alisema. Akanikatia na donge la grisi kubwa kama andazi, akalifunga kwenye jani la mgomba. Kisha akanisimamisha kama mwalimu wa chuo cha Kurani.

"Sikiliza. Vikombe vya zamani vitoe kwa chuma butu, gonga pande zote, usigonge upande mmoja. Vipya viingize sawa. Grisi isindilie kwenye gololi kwa kiganja mpaka itokee upande wa pili. Hayo hata mtoto ataweza. Kazi ni nati ya mwisho. Ya kwanza, kaza huku unazungusha gurudumu. Ya pili, kaza tena mpaka ligome. Ya tatu, rudisha nyuma kidogo, mpaka tundu la pini linalofuata. Ya nne, tia pini. Sema."

Nikasema.

"Sema tena."

Nilisema mara saba. Mara ya tano nilikosea akanirudisha mwanzo. Ndipo akaniruhusu kuondoka, akanipa na mhogo wa kuchoma nile njiani. Mimi nilimwahidi kumfikishia salamu dada yake Maneromango, na nimezifikisha.

Uani kwa mama mkwe

Nilirudi Janga baada ya adhuhuri, mvua imekatika. Niliogopa kusahau, kwa hiyo nilipokuwa nikifanya kazi nilikuwa nikisoma kwa sauti yale maneno manne, kama tulivyokuwa tukisoma chuoni. Kaza huku unazungusha. Kaza mpaka ligome. Rudisha nyuma kidogo. Tia pini. Nilisoma wakati wa kutoa vikombe, nikasoma wakati wa kusindilia grisi. Mama mkwe alikuwa jikoni akikuna nazi, na kati yetu palikuwa na ukuta wa makuti tu. Leo ninajua kwamba kufikia alasiri alikuwa ameyahifadhi vizuri kuliko mimi.

Shida ilikuwa kwamba gari liko uani kwake. Nimevua shati, nimelala chali matopeni, na yeye ana kazi zake: maji, kuku, kuni. Kila anapotaka kutoka alikuwa akikohoa. Nikisikia kikohozi naruka, nakimbilia nyuma ya nyumba, nasubiri apite. Kisha nami nikitaka kurudi nakohoa. Nadhani tulikohoa mara ishirini alasiri ile. Jirani mmoja alileta dawa ya kifua.

Kazi ilikwenda vizuri kuliko nilivyotegemea. Vikombe viliingia, beringi zikakaa, nikarudisha kitovu mahali pake. Nikaanza nati. Nilikaza huku nikizungusha. Nilikaza mpaka likagoma. Hapo akakohoa.

Nikakimbia. Alikuwa akimfukuza jogoo, ikachukua muda. Nilirudi na spana mkononi nikijiuliza nilikuwa nimefika wapi. Nikaona nati imekaa vizuri, tundu limelingana na tundu, kama vile imejiweka yenyewe. Nikasema moyoni, bila shaka nimekwisha kuirudisha. Nikatia pini, nikapinda ncha zake, nikafunga kifuniko na gurudumu. Nilijiona fundi.

Mzee Kondo alikuwa ametoka msikitini, yuko jikoni anakunywa chai. Nilisikia dada yake anamnong'oneza kwa haraka, sikuyapata maneno. Akatoka, akasimama mbele yangu, akavua kofia akaivaa tena.

"Mama anasema kazi yako ameifuata tangu mwanzo mpaka mwisho," alisema, "na hajaona mkwe mwenye mikono kama hii."

Nilifurahi sana. Usiku ule nililala kama mtoto.

Janga mpaka Kibamba

Jumamosi tuliondoka baada ya swala ya alfajiri. Nyuma tulipakia kikapu cha mchele, nazi, kuku mmoja mwekundu aliyefungwa miguu, na mkeka mpya wa mzazi. Mbele tulikaa watatu. Mimi kwenye usukani, Mzee Kondo katikati kama ukuta, na mama mkwe upande wa kushoto, amejifunika kanga, uso dirishani. Yaani alikaa juu ya lile gurudumu lenyewe.

Gari halikuimba hata kidogo. Tulipita Mlandizi kimya, nikaona fahari. Baada ya Kibaha mama mkwe akamgusa kaka yake kwa kiwiko.

"Kondo. Mwambie kunanuka."

Mzee Kondo akafikiri kidogo. "Mkwe, mama anauliza kama hujachoka. Tunaweza kupumzika."

"Sijachoka, mwambie ahsante," nikasema, na nikaongeza mwendo, maana ilikuwa Jumamosi.

"Kondo, mwambie linaungua!"

"Mama anasema ni joto leo."

Kweli lilikuwa joto. Kidogo tu kabla ya Kibamba gari likawa zito kama limefungwa kamba kwa nyuma, na kupitia dirisha la kushoto nikaona moshi mwembamba. Nikasimama.

Nilitoka nikazunguka. Kitovu kilikuwa cha moto hata nilipokitemea mate yaliruka. Grisi imeyeyuka inachuruzika kwenye rimu. Nilichuchumaa pale nikiwa sijui la kufanya. Nilimwaza fundi Yohana, na kwa aibu naandika kwamba nilimwaza vibaya, nikasema amenipa beringi mbovu. Nilimwaza Mwanaidi amelala upande anatazama mlango. Vibarua watatu waliokuwa wakiziba mashimo ya barabara walikuja, wakatazama, mmoja akasema, "Hili limekwisha, bwana. Teremsha wazee watembee."

Nyuma yangu nikasikia mlango unafunguliwa. Mama mkwe aliteremka. Nikageuza uso upesi, nikainuka nikimbie majanini, lakini hapakuwa na majani karibu, ni mtaro tu.

"Salumu," akasema. "Kaa hapo hapo."

Miaka minne nilikuwa sijawahi kusikia jina langu kinywani mwake. Nilikaa. Naye alikuwa ametazama upande wa pili, porini, kanga ameibana chini ya kidevu, lakini maneno yalikuwa yangu.

"Kaza huku unazungusha," alisema. "Kaza mpaka ligome. Rudisha nyuma kidogo. Tia pini. Hiyo ya tatu hukuifanya, mwanangu. Nilikuona. Nilikohoa mimi, ukakimbia, uliporudi ukatia pini. Jana nilimtuma Kondo akwambie."

Sote tukamtazama Mzee Kondo, hata wale vibarua. Alikuwa bado amekaa kwenye gari, mikono magotini.

"Nimwambie mkwe amekosea?" akasema kwa sauti ndogo. "Uani kwako? Kwa mdomo huu?"

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia umeifuata kazi mwanzo mpaka mwisho. Hiyo si kweli?"

"Na kwamba linaungua?"

"Nilisema ni joto."

Mmoja wa vibarua aliketi chini kabisa kwa kicheko. Mama mkwe hakucheka, lakini mabega yake yalitikisika chini ya kanga. Mimi nasema hivi na nitaendelea kusema: Mzee Kondo hakuwa na kosa. Amefanya alivyofunzwa. Kosa ni la aliyetia pini, na aliyetia pini ni mimi.

Tulingoja kitovu kipoe. Vibarua walitupa mhogo wa kuchemsha na chumvi, mama mkwe akala kwa upande wake wa gari, sisi upande wetu. Kisha nilifungua. Nilitoa pini, nikairudisha nati nyuma kidogo, mpaka tundu linalofuata, na nikasikia mwenyewe jinsi gurudumu lilivyoshusha pumzi. Nililizungusha kwa kidole kimoja, likaenda, likaenda. Grisi iliyobaki kwenye jani la mgomba niliisindilia yote. Beringi za fundi Yohana zilikuwa nzima, zimebadilika rangi kidogo tu. Nilimwomba radhi moyoni.

Nilipotaka kutia pini nilisita. Sikujiamini tena. Nikauliza, bila kugeuka, "Mama, ni sawa?"

Kisha nyuma yangu: "Tia."

Kibamba mpaka nyumbani

Hatukusimama tena. Kimara yule mama wa vitumbua alitega sikio tulipopita, akatupungia. Pugu tulipanda na mvua, na gari halikuvuta kushoto wala kulia. Tulipoiona miti ya Kisarawe, Mzee Kondo alikuwa amelala, kichwa begani kwangu.

Mlango wa nyumba yangu ulikuwa umefungwa, na nje wamekaa wanawake wawili, wakaniambia uchungu ulianza asubuhi na mapema na kwamba Mwanaidi ananiulizia, yaani anamuulizia mama yake. Mama mkwe hakungoja kikapu. Aliingia na viatu vyenye matope, na nikasikia Mwanaidi akisema, "Mama," mara moja, kama mtu aliyeweka mzigo chini.

Mimi nilikaa kwenye ubao wa nyuma wa pikapu. Alasiri ikaja. Nililishika lile gurudumu, lilikuwa na joto la kawaida, kama mkono wa mtu. Nililishika mara nyingi.

Jua lilipokuwa likielekea kuzama nikasikia sauti ndogo ya hasira kutoka ndani, halafu vigelegele. Nikasimama. Sikujua niende wapi. Dirishani, nyuma ya pazia, nikamsikia mama mkwe. Desturi ilikuwa imekwisha kurudi mahali pake.

"Kondo. Njoo. Mwambie baba yake: mtoto wa kike. Mama mzima. Kuku anachinjwa. Sema."

"Mtoto wa kike," Mzee Kondo akasema. "Mama mzima. Kuku anachinjwa."

"Sema tena."

Akasema tena. Akatoka, akanijia pale kwenye gari, akavua kofia, na kwa mara ya kwanza toka nimfahamu hakuongeza wala hakupunguza. Aliyasema yote matatu kama alivyopewa. Kisha akabaki amesimama, midomo inamcheza, na machozi yanamtoka.

Jioni ile Mwanaidi alikunywa supu ya yule kuku mwekundu wa Janga, yenye pilipili manga na tangawizi nyingi, na mama mkwe akamshikia bakuli. Mimi na Mzee Kondo tulikula ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi kibarazani, na juu ya kisamvu changu, bila neno lolote kupitishwa kwa mtu wa tatu, palikuwa pamewekwa paja moja la kuku.